Uzi wa Mafundo Matatu

Magoudjou, Moroni
9 Novemba 1997

Djamal,

Assalaam alaikum. Barua hii naituma kwa mkono wa Sounhadj, yule mfanyabiashara wa vitunguu anayekuja kwenu na meli ya mizigo. Ndege hakuna, simu inalia upande mmoja tu, na mimi nimechoka kuandika barua kichwani.

Julai ulisema unakwenda wiki mbili kumwona mama yako anayeumwa jicho. Agosti kisiwa chenu kikajitangazia uhuru. Septemba askari wa huku wakashuka Mutsamudu, na siku zile nilikaa na redio mapajani kama mtoto mchanga. Halafu ukaniandikia mstari mmoja: "Mimi ni mzima, ukuta tu umeanguka." Nimeusoma mpaka karatasi imelainika. Sikuulizi ni ukuta gani. Ukitaka utanieleza.

Sasa habari ya nyumba. Ghorofa yetu imekwisha, juu ya nyumba ya Mama. Imepakwa chokaa, madirisha yanatazama upande wa Volo Volo, na asubuhi kelele za soko zinaingia kabla ya jua. Mama na Mjomba Chaher wamemaliza wajibu wao: nyumba ni ya mwanamke na hujengwa na ndugu zake. Umebaki wajibu wa upande wenu. Kitanda, kabati, viti. Mwanamume huingia kwa mkewe akitanguliwa na samani zake, zimebebwa na dada zake wakiimba. Lakini dada yako Kenza yuko huko na wewe. Shangazi yako aliyekuwa hapa amefunga mlango wake Oktoba na kurudi kwenu kwa hofu. Katika mji huu huna tena mwanamke wa kwenu hata mmoja wa kukuchagulia mto.

Nina wazo, na usicheke. Kwenye njia ya Itsandra limefunguliwa bohari kubwa la samani, pale palipokuwa ghala la mbata. Mwenyewe anaitwa Mdahoma. Anateremsha makontena kutoka Dubai, na mji mzima unasema bei zake ni za kutupa. Bibi harusi haendi kujinunulia kitanda, najua. Hatakiwi hata kukiona. Lakini dada wa bwana harusi huenda. Pale bohari hakuna anayenijua. Niruhusu niwe dada yako kwa asubuhi moja.

Naandika Kiswahili kama tulivyozoea. Siku hizi mtu akifungua kinywa sokoni na maneno ya kwenu Nzwani, watu hugeuka kumtazama. Kiswahili chetu, cha bibi yako aliyerudi kutoka Unguja na cha chuo changu cha Dar es Salaam, naona hakina kisiwa cha kugombania.

Kamilia


Mutsamudu
1 Desemba 1997

Dada yangu Kamilia,

Unaona, ruhusa nimeshatoa.

Nimecheka mpaka Kenza akaja kuangalia kama nina homa. Nenda bohari. Fedha nilizomwachia Mjomba Chaher zitatosha kama bei ni hizo unazosema, na kama hutavutiwa na kila chenye kioo.

Lakini mimi ni mpima ardhi, wajua, siwezi kununua hata kijiko bila kipimo. Ndani ya bahasha kuna uzi wa mafundo matatu. Ncha yake iguse sakafu. Fundo la kwanza ni urefu wa kitanda kutoka chini, godoro likiwa juu yake, kisizidi hapo. Fundo la pili ni mikono ya kiti. Iwe ya mbao, minene, isiyocheza. Usininunulie yale makochi yanayommeza mtu. Fundo la tatu ni nafasi: kutoka mlangoni hadi kiti, kutoka kiti hadi kitanda, kutoka kitanda hadi kabati, pasizidi hapo. Kabati liwe na droo za chini. Zulia usinunue.

Ukishanunua, viache huko huko bohari. Visiingie nyumbani kwanza. Kwenu na kwetu ni mamoja: kitanda kikishavuka mlango wa mwanamke, mtaa mzima huhesabu kwamba mume keshaingia, na mwanamke huyo hakuna mwingine wa kumposa tena. Hali ya visiwa hivi hatujui inakwenda wapi. Sitaki ufungwe na mbao.

Ukuta ulikuwa wa jirani yetu Moindjié. Umeshajengwa upya, na ni mzuri kuliko wa zamani. Hapa bendera zinabadilishwa mara nyingi kuliko shati langu. Bandari imenyamaza, karafuu zinaoza maguniani, na Mama anakusalimu. Jicho lake limepona. Sasa ananiona vizuri mno.

Djamal


Magoudjou, Moroni
20 Desemba 1997

Kaka yangu Djamal,

Nimekuwa dada yako, na nimekuwa dada mwema kuliko ulivyostahili.

Bohari ni kubwa kama msikiti wa Ijumaa, ila halina utulivu wake. Vitanda vimepangwa safu kwa safu na nailoni zake, makabati yamesimama wima kama wanafunzi wakingoja kuitwa majina, na watu wanazunguka katikati wakikalia kila kitu. Niliona mzee mmoja amelala kitandani na viatu amevishika kifuani, anatazama dari. Mkewe anamwambia, "Inuka, watu watadhani umekufa." Naye anajibu, "Nikifa, nunua hiki hiki." Vingi ni vya mbao za maranda yaliyogandishwa, si mninga. Ukibisha hodi juu yake vinajibu kwa sauti ya sanduku. Pembeni kuna vilivyogongwa safarini, na hivyo ndivyo vya bei chee kabisa.

Muuzaji wangu anaitwa Zalifa. Ni sabena, mmoja wa wale wenzetu waliokimbia mauaji ya Majunga, ng'ambo, mwaka 1977, wakaletwa na ndege za kampuni ya Sabena mpaka jina likawaganda. Ni mnene, ana sauti ya kuuza samaki, na ananiita bibi mdogo.

"Unamnunulia nani?"

"Kaka yangu. Anaoa."

Nikauteremsha uzi wako kando ya kitanda. Kila kitanda kilizidi fundo. Zalifa akanitazama nikiinama na kuinuka, akashindwa kuvumilia. "Bibi mdogo, kaka yako ni mfupi?"

"Mrefu. Akiingia mlangoni huinama."

"Basi mbona unamtafutia kitanda cha mtoto wa madrasa?"

"Ni mpima ardhi," nikasema. "Ana masharti."

"Maskini mkewe. Na huyo bibi harusi, mzuri?"

"Wastani."

"Hao wastani ndio wenye kiburi," akasema. "Mwambie kaka yako awe macho."

Mwishowe tukakipata, kile kilichogongwa. Mguu wake mmoja ulivunjika melini, fundi akaikata yote minne ikalingana. Fundo lako likakaa juu yake kama limezaliwa hapo. Nimepata na viti viwili vya mikono ya mbao, vizito, vya kizamani, ambavyo hakuna anayevitaka kwa sababu havina sponji. Kabati lina droo za chini, na mlango wake mmoja unalia. Umelipia kulia kwake nusu ya bei.

Kulikuwa na zulia jekundu, Djamal, lenye mpaka mweusi. Nililikunjua kidogo kwa ncha ya kiatu. Ningelinunua kwa fedha zangu, lakini umelikataza kwa maneno mawili, na dada hatakiwi kubishana. Kwa nini lakini? Sakafu yetu ni saruji tupu. Nimewaza jambo hili kuliko linavyostahili, unanijua.

Vitu viko bohari, Zalifa amevifunika kitambaa. Vitakaa huko mpaka lini? Sounhadj nimemuuliza kama alikuona. Amesema, "Nimemwona, ameketi barazani, anacheka." Nimeridhika nusu.

Kamilia


Mutsamudu
18 Januari 1998

Kamilia,

Ramadhani karimu. Barua yako Kenza amenisomea kwa sauti wakati wa futari, sehemu ya yule mzee na viatu vyake mara mbili. Mama ameuliza kama kweli wewe ni wastani. Nimemwambia sikumbuki.

Nakumbuka.

Sasa nisikilize bila kukasirika. Meli zinapungua. Wanaosafiri kwenda kwenu wanahojiwa bandarini pande zote mbili, na mimi ni mtu wa Nzwani, nitakuwa mtu wa Nzwani hata nikiishi Magoudjou miaka hamsini. Sijui nitakuja lini. Sijui kama nitakuja. Wewe una miaka ishirini na sita, una nyumba mpya na kazi ya ualimu, na Mjomba Chaher hawezi kukaa na mlango uliopakwa rangi bila mtu wa kuufungua. Akija mtu mwingine, mtu wa kwenu Ngazija, mzima na mwenye heshima, usimfukuze kwa ajili ya kitanda kilichokatwa miguu. Zalifa anaweza kuviuza tena vitu vile. Sitasema kitu.

Halafu nieleze: ile ngazi ya kwenda ghorofani, fundi aliijenga nje au ndani? Ina vidato vingi? Ina pa kushika? Nauliza tu.

Djamal


Magoudjou, Moroni
4 Februari 1998

Djamal,

Sikukuu imepita. Nilivaa nguo mpya, nikaenda kuwaamkia watu, nikala kila nilichopewa. Kila nyumba niliulizwa habari zako na kila nyumba nikasema, "Hajambo, yuko njiani." Jioni nikaisoma tena barua yako, nikajiona mwongo wa mtaa mzima.

Unaniambia nimpokee mwingine, na katika ukurasa huo huo unaniuliza habari za ngazi. Unanitafutia mume huku unakagua nyumba? Mtu anayeaga haulizi vidato.

Nitakuuliza jambo moja, kwa kuwa sijui kuzungukazunguka. Umepata mwanamke huko? Katika njia zile nyembamba za mji wenu, ambako mtu humgusa mtu kwa bega akipita? Kama ndivyo, niandikie neno moja. Sitalia mbele ya mtu. Vitu vyako nitamrudishia Zalifa, nami nitarudi kuwafundisha watoto wa watu historia, ambayo naona siielewi.

Ngazi iko nje. Ni nyembamba, na haina pa kushika.

Kamilia


Magoudjou, Moroni
15 Machi 1998

Djamal,

Hukujibu. Sounhadj amekwenda na kurudi mara mbili. Nimemuuliza kila mara, na kila mara amesema, "Nimemwona, ameketi."

Leo nimekwenda bohari kurudisha vitu vyako. Nilikuwa nimevaa vizuri, kama mtu anayekwenda mahakamani. Nikamwambia Zalifa, "Kaka yangu haoi tena. Viuze." Alinitazama usoni, akaona kitu hapo ambacho dada hana, akasema polepole, "Bibi mdogo, wewe ndiye yule wastani." Akavuta kitambaa. "Basi tuvipange vizuri. Mnunuzi hanunui rundo, hununua chumba." Akaniacha hapo, akaenda kugombana na watu waliokuwa wamekalia meza ya kioo.

Uzi wako ulikuwa katika mkoba wangu. Sijui kwa nini niliutoa. Labda nilitaka kukiona mara moja kile chumba ulichokichora, kabla hakijawa cha watu. Nikaifanya nguzo ya bohari iwe mlango, nikapima mpaka fundo la tatu, nikaweka kiti. Nikapima tena, nikaweka kitanda. Nikapima, nikawaomba vijana wa pale wanisogezee kabati. Kisha nikasimama nguzoni nikajaribu kuingia kama wewe. Nilitaka kukuona ukiinama mlangoni na kuvuka chumba kwa hatua zako ndefu za mtu wa milimani.

Hazikuwezekana. Chumba chako hakina nafasi ya hatua zako. Nilinyoosha mkono kutoka nguzoni, ukafika kwenye kiti. Mkono mmoja ulikuwa haujaacha mlango wakati wa pili umeshashika mbao. Kutoka kiti, mkono ukafika kitandani. Kutoka kitanda, kabatini. Hakuna mahali katika chumba hicho, Djamal, ambapo mtu anasimama bila kushika kitu.

Nikakaa kwenye kiti chako, nikaishika ile mikono minene isiyocheza, nikajiinua kwa mikono peke yake. Nikaketi kitandani bila kupanda wala kushuka, kwa sababu kitanda kilikuwa pale pale kwenye usawa wa kiti. Na nikakumbuka zulia, ambalo huteleza na kujikunja. Nikakumbuka droo za chini, ngazi, pa kushika. Nikakumbuka ukuta wa Moindjié. Nikakumbuka kwamba tangu Septemba hakuna mtu hata mmoja aliyekuona umesimama.

Watu walikuwa wananitazama nimekaa katikati ya bohari nalia juu ya kitanda cha bei ya kutupa. Yule mzee wa viatu angenielewa.

Nilidhani ni mambo ya mpima ardhi. Nilidhani ni mwanamke. Vitu sikuvirudisha.

Ni mguu gani?

Kamilia


Mutsamudu
2 Aprili 1998

Wifi yangu Kamilia,

Ni Kenza. Ni wa kushoto, chini ya goti.

Barua yako aliisoma peke yake. Akanipa, akaniomba chai, na chai hakuinywa. Amekataa kuandika, kwa hiyo naandika mimi, na akitaka kunipiga atanifuata kwa magongo.

Siku ile askari waliposhuka alimshika Mama mkono kumpeleka kwa jirani, kwa kuwa jicho lake lilikuwa limefungwa bendeji na asingeweza kukimbia peke yake. Kombora likagonga ukuta wa Moindjié. Djamal alimsukuma Mama mbele, ukuta ukamwangukia yeye. Mama hakupata hata mkwaruzo. Kaka yangu alikaa chini ya mawe mpaka jioni, kwa sababu risasi hazikumruhusu mtu kutoka. Madaktari walijitahidi, lakini mguu ulikuwa umeshakufa, wakaukata.

Alituapisha tusikwambie. Sounhadj anapokuja, tunamkalisha Djamal barazani mapema na leso mapajani. Mimi ndiye ninayemkalisha. Kila nikimfunika nilikuwa nakuona wewe, na nilijichukia, wifi.

Ule uzi aliupima hapa chumbani kwangu. Alisogeza vitu, akaanguka, akainuka, akasogeza tena, mpaka akaweza kuzunguka chumba bila gongo. Alinifukuza nisimtazame. Mimi nikafurahi. Nikamwambia Mama, "Anajipimia nyumba ya Kamilia, atakwenda." Kumbe alikuwa anajipimia na kuogopa kwa wakati mmoja.

Nimemuuliza, "Kwa nini usiende?" Amesema, "Mwanamume huingia kwa mkewe akitembea nyuma ya kitanda chake. Mimi nitabebwa pamoja nacho, nipandishwe ngazi kama kabati, na mtaa mzima unatazama." Nikamwambia anajiona mzito kuliko alivyo, siku hizi amekonda. Hakucheka.

Sijui nikushauri nini. Yeye ni kaka yangu na wewe huna deni kwetu. Lakini ile barua ya bohari ameiweka chini ya mto, na anadhani sijui.

Kenza


Magoudjou, Moroni
26 Aprili 1998

Djamal,

Ulinikataza jambo moja na nimelifanya. Kitanda kimevuka mlango.

Nikueleze kwa utaratibu, maana utasikia kwa wengine wakiwa wameongeza chumvi.

Kwanza nilimwambia Mama yote. Aliendelea kuchambua mchele. Kisha akaniuliza ngazi ya ghorofa ina vidato vingapi, nikamwambia kumi na nne. Akauweka ungo chini. Halafu akasema, "Mimi magoti yananiuma, lakini ninayo mawili." Akachukua mto wake na msahafu wake, akapanda juu. Hajashuka tena kulala. Chumba cha chini, chenye mlango wa barabarani, ni chetu. Fundi Zaïdou amevunja kizingiti na kuilainisha sakafu, na kila anayepita anamuuliza kama tunaingiza gari.

Mjomba Chaher hakukubali upesi. Aliniuliza, "Atapima ardhi vipi?" Nikamwambia sijui. Sikutaka kumpamba, wala kukupamba wewe. Akaniuliza kama nakuonea huruma. Nikamwambia nilikuonea huruma bohari, kwa muda wa kufuta machozi, na kwamba baada ya hapo nilikasirika, na hasira ipo mpaka leo. Uliniachia njia ya kuondoka na hukuniuliza kama natafuta njia. Mjomba akasema, "Mtu haolewi kwa hasira." Nikasema, "Basi tungoje ipoe akiwa hapa." Akatoa gari lake.

Halafu nikaenda kwa Zalifa. Nikamwambia, "Bwana harusi yupo, lakini dada yake yuko Nzwani, na mimi siwezi tena kuwa dada." Akaweka mikono kiunoni. "Mimi na wenzangu wa sabena," akasema, "tulishuka uwanja wa ndege na mafurushi, na hakuna aliyejua tukae kisiwa gani. Sisi ni dada wa mtu yeyote."

Wakaja, wanawake saba, wamejitanda shiromani kama wanawake wa kwenu wanavyojitanda. Zalifa alizikusanya nguo zile kwa watu wa Nzwani waliobaki hapa, ambao siku hizi wanaogopa kuzivaa nje. Gari la Mjomba lilileta vitu mpaka mwanzo wa mtaa. Kutoka hapo walivibeba vichwani na mabegani wakiimba nyimbo za bwana harusi, kama inavyotakiwa, na mlango wa kabati unalia njia nzima. Mimi nilifungiwa juu na Mama nisione. Nimeona yote dirishani.

Jirani mmoja akapaza sauti, "Ni samani za nani?"

"Za mwanamume!" akajibu Zalifa.

"Yuko wapi mwenyewe?"

"Yuko njiani!"

"Si mtu wa Nzwani huyo? Hao si wametukataa?"

Zalifa akasimama na kiti kichwani. "Wamekukataa wewe, bwana. Huyu wetu kamkubali binti yenu."

Mtaa ukacheka, na yule jirani naye akacheka, akaja kushika mguu mmoja wa kitanda. Na hivyo vikaingia, vimebebwa na sabena saba na mtu mmoja asiyeipenda Nzwani.

Nimepanga chumba kwa uzi wako. Niliuosha kwanza, ulikuwa na vumbi la bohari. Umetundikwa msumarini nyuma ya mlango.

Sasa sikiliza. Nimejifunga mwenyewe, mchana, mbele ya watu, na najua nilichofanya. Wewe sijakufunga. Ukitaka kusema hapana, utasema. Lakini njoo uiseme hapa, umeketi kwenye kiti chako, ukinitazama. Na hutabebwa. Kutoka gari mpaka mlango ni ukuta wa Mama, ni mrefu wa kutosha, nimeupima kwa kiganja. Mlangoni utakuta kiti. Baada ya hapo unaijua njia kuliko mimi, kwa kuwa uliitengeneza wewe.

Kamilia


Mutsamudu
30 Mei 1998

Kamilia,

Nimeandika barua nne na kuzichana. Hii Kenza amesema ataichukua kutoka mkononi mwangu hata kama sijaimaliza, kwa hiyo itakuwa fupi.

Nilidanganya. Nilijiambia ni kwa ajili yako. Siku ile nilipofunga fundo la tatu nilikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyonitisha. Nilikiona chumba, nikakuona ndani yake, halafu nikaona jinsi watakavyonitazama nikiingia. Nikakuandikia habari ya mtu mzima na mwenye heshima. Nilikuwa namchukia mtu huyo tangu herufi ya kwanza ya jina lake, na jina hana.

Milima sitaipanda tena. Mjomba Chaher ameuliza sawasawa. Kuna kazi ya kuchora ramani, ambayo hufanywa mezani, na wenzangu walizoea kuikimbia. Nitaiomba. Sijui kama watampa mtu wa Nzwani. Nitaiomba.

Mama amekulilia, kisha amekusifu, kisha ameuliza kama ile shiromani aliyovaa Zalifa ilikuwa imefungwa vizuri.

Nimezungumza na Sounhadj. Amekasirika kwamba tulimkalisha mbele ya mtu mwenye leso miezi yote hii kama mjinga. Halafu akasema meli yake inaondoka wiki ya kwanza ya Julai, na kwamba vitunguu vikipakiwa vizuri hubaki mahali pa kiti. Kenza anakuja nami, kuona kama hao dada wengine walifanya kazi inavyotakiwa. Nitashuka kwa magongo yangu, polepole. Yule jirani awepo, atazame anavyotaka.

Hapa Kenza alinitandikia mikeka, mmoja juu ya mwingine, nikajifunza kuivuka kwa magongo bila kuteleza. Nimeanguka mara nyingi kuliko nitakavyokubali mbele yako. Lakini juzi nilivuka chumba chote, kutoka mlangoni mpaka dirishani, na katikati palikuwa hapana cha kushika.

Kwa hiyo ukipita njia ya Itsandra, ingia bohari. Kama lile zulia jekundu bado lipo, linunue.

Djamal